Kiyoyozi Kwenye Gari la Familia: Hitaji, Anasa au Dhambi?



"Frateri, hivi kuweka AC kwenye gari la familia ni dhambi?" Aliyeniuliza ni kijana wa VIWAWA, na hakuwa anatania. Kwao swali hili limezua mabishano yaliyoanzia mezani na sasa yanaingia mpaka kwenye sala ya jioni. Leo naomba tulitafakari pamoja, kwa sababu ndani ya swali hili dogo la gari kuna swali kubwa ambalo kila mmoja wetu atakutana nalo, awe na gari lake au awe ananing'inia kwenye daladala: nitajuaje kama kitu ninachokitaka ninakihitaji kweli?

Hali yenyewe iko hivi. Baba yake amenunua Hiace ya mtumba. Ameng'oa siti za mwisho, akaweka godoro, kabati dogo na jiko la gesi, ili familia ikisafiri iweze kupumzika na kulala humo humo bila kulipia gesti. Kila Desemba wanatoka Dar es Salaam kwenda nyumbani Rombo, na wana ndoto ya kwenda hija Namugongo kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni. Wako saba: baba, mama, watoto watatu, bibi mwenye presha, na dada anayewasaidia kazi za nyumbani. AC iliyokuja na gari imekufa.

Baba anataka mambo mawili kwa pamoja: AC ya gari itengenezwe, na juu ya paa kiwekwe kiyoyozi kingine cha kutumia usiku gari likiwa limesimama, pamoja na betri zake. Fundi amemtajia laki saba kwa kazi ya kwanza, na zaidi ya milioni tano kwa ya pili. Mama anasema hapana kwa yote mawili. Yeye alikua akipanda basi la Moshi madirisha yakiwa wazi, vumbi likiingia, na walifika salama. Zaidi ya hapo, kuna mtoto wa marehemu kaka yake ambaye ada yake ya kidato cha tano haijakamilika. Kijana wetu yuko katikati. Amesikia kwamba Papa Fransisko aliwahi kuandika vibaya kuhusu viyoyozi, na sasa hajui amuunge mkono nani.

Busara ni dereva

Katekisimu inatufundisha fadhila nne za msingi: busara, haki, nguvu na kiasi. Na inasema mapokeo ya Kanisa yameiita busara dereva wa fadhila nyingine, yule anayeshika hatamu za gari la farasi. Sasa dereva mzuri hafumbi macho akaanza kusali rozari huku gari linatembea. Anatazama barabara. Ndiyo maana kabla ya kuuliza "je, ni vema?" lazima tuulize "je, hiki kitu ni nini na kinafanyaje kazi?" Vijana wengi tunaruka hatua hii. Tunakimbilia kusema "ni anasa" au "ni haki yangu" kabla hatujajua tunazungumzia nini.

Basi tutazame. Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinahamisha joto. Gesi inayozunguka kwenye mabomba yake ikifika ndani ya gari inageuka kutoka kimiminika kuwa mvuke, na katika kugeuka huko inalinyonya joto la hewa ya ndani. Kompresa inaigandamiza, kisha inapita kwenye kondensa, ambako joto lote lile linatupwa nje. Kwenye gari, kompresa inazungushwa na injini kwa mkanda. Maana yake ni rahisi: injini ikizimwa, ubaridi nao umekwisha.

Hapa ndipo maombi mawili ya baba yanapotengana. AC ya gari ni kwa ajili ya mwendo. Ya juu ya paa ni kwa ajili ya kulala, na hiyo inahitaji umeme wake. Kiyoyozi cha paa cha kawaida hula takriban wati 1,000 au zaidi. Betri ya volti 12 yenye Ah 100, hata ukiikamua yote, inakupa wati-saa 1,200 tu. Piga hesabu mwenyewe: ni kama saa moja na dakika chache, halafu mnaamka mnatoka jasho na betri imekufa. Feni ndogo ya wati 30 kwa betri ile ile ingeweza, kwa hesabu ya karatasi, kuzunguka saa 40. Ndugu zetu wa Ulaya na Marekani wanaosafiri na magari ya kulala huegesha kwenye kambi zenye umeme wa kuchomeka, ndiyo maana kiyoyozi cha paa kwao kina mantiki. Huku kwetu, kati ya Chalinze na Same, utachomeka wapi? Utabaki na jenereta inayonguruma usiku kucha, au betri nyingi za gharama kubwa. Na tafadhali sana, asije mtu akalala ndani huku injini inaunguruma ili AC iendelee kufanya kazi. Moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na harufu, na imeua watu wakiwa usingizini.

Unaona, ndugu yangu? Hatujataja dhambi bado, na tayari swali limekuwa mawili, kila moja na uzito wake.

Hitaji la aina mbili

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alipokuwa anaeleza fadhila ya kiasi katika Summa Theologiae, alisema kipimo cha mambo yanayofurahisha mwili ni mahitaji ya maisha haya. Mtu akisikia hivyo haraka haraka anadhani Tomaso anatutaka tuishi kwa maji na mkate mkavu. Sivyo. Yeye mwenyewe anafafanua kwamba "hitaji" lina maana mbili. Kuna lile ambalo bila hilo huwezi kuishi kabisa, kama chakula. Na kuna lile ambalo bila hilo unaweza kuishi, lakini si inavyofaa, kwa kuzingatia afya yako, wajibu wako, na watu unaoishi nao. Mtu wa kiasi anatazama yote mawili. Anachokikataa ni kile kinachoharibu afya na maisha mema, au kinachozidi uwezo wake na hali yake.

Aristotle kabla yake alitoa mfano wa mwanamieleka aitwaye Milo. Kama chakula cha ratili kumi ni kingi na cha ratili mbili ni kidogo, usifikiri kocha atampa kila mtu ratili sita. Kwa Milo sita ni kidogo, kwa anayeanza mazoezi ni kingi. Kiasi si nusu ya kila kitu. Kiasi kinamtazama mtu.

Sasa tuwatazame watu walio ndani ya Hiace. Mwili wa binadamu unajipoza kwa jasho: jasho likikauka juu ya ngozi, linaondoka na joto. Lakini Dar es Salaam mwezi wa Desemba hewa imejaa unyevu, jasho haliko tayari kukauka, linatiririka tu. Kijana wa miaka ishirini anavumilia. Mzee je? Mzee husikia kiu kidogo kuliko sisi, moyo wake unafanya kazi zaidi kwenye joto, na baadhi ya dawa za presha zinamwongezea kwenda haja ndogo, hivyo anapoteza maji. Mtoto mchanga naye mwili wake haujajua bado kujipoza vizuri. Safari ya kwenda Rombo ni zaidi ya kilomita 500 kabla hata hujaanza kupanda mlima kutoka Himo, na sehemu kubwa ni nyanda za joto: Segera, Korogwe, Mombo, halafu ile tambarare kavu ya Same na Mwanga. Ni mchana mzima barabarani. Na dereva aliyechoka kwa joto anapunguza umakini, akiwa amebeba roho saba.

Kwa hiyo kwa familia hii, AC ya wakati wa mwendo siwezi kuiita anasa. Ni hitaji la aina ya pili, na kwa bibi siku ya jua kali inaweza kusogea karibu sana na aina ya kwanza.

Je, na ile ya paa? Tufuate kipimo kile kile. Wanalala garini usiku mara ngapi kwa mwaka? Kijana aliniambia labda usiku mmoja njiani, mingine wakiwa Rombo. Lakini Rombo ni mlimani! Usiku wa Rombo unatafuta blanketi, hautafuti kiyoyozi. Kampala nako kuko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na Juni si mwezi wa kukosa hewa. Unabaki usiku mmoja wa tambarare, ambao feni ndogo, vioo vilivyoshushwa kidogo na wavu wa mbu vinautosha. Milioni tano kwa ajili ya usiku mmoja? Hapo neno "anasa" linaanza kupata mahali pa kukaa.

Mkuki kwa nguruwe

Lakini mama ana hoja, na lazima tuiheshimu. Anasema: wazee wetu walisafiri bila haya mambo, na sisi Wakristo tunafundishwa kujinyima. Je, si vema kubeba joto kama sadaka?

Ni vema. Ni vema sana. Tunapofunga Kwaresima, tunapotembea hija kwa miguu, mwili unajifunza kwamba si kila ukitakacho lazima ukipate leo. Kijana ambaye hajawahi kujinyima hata soda atapata shida siku atakapotakiwa kujinyima kitu kikubwa. Ila kuna jambo moja tunalisahau: sadaka ni ya yule anayeitoa. Mimi naweza kutoa usumbufu wangu. Siwezi kutoa usumbufu wa bibi. Siwezi kumtolea Mungu jasho la mtoto wa miaka miwili ambaye hajui hata maana ya kutoa. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Ni rahisi mno kuwa mtakatifu kwa mgongo wa mwenzako.

Halafu tukumbuke Yesu mwenyewe. Mwinjili Yohane, sura ya 4, anatuambia Bwana alikuwa amechoka kwa safari, akaketi kisimani, na ilikuwa yapata saa sita mchana. Akaomba maji. Hakujifanya hana kiu. Uchovu wa safari ni kitu ambacho Mungu aliyefanyika mtu amekijua katika misuli yake. Na katika Mathayo sura ya 10, aliahidi kwamba anayempa mmoja wa wadogo kikombe cha maji ya baridi hatakosa thawabu yake. Hakusema maji tu. Alijali hata ubaridi wake. Kumpa mdogo kitu cha kumburudisha katika joto ni jambo lenye thamani mbinguni.

Tomaso naye, ambaye hakuwa mtu wa mzaha, alipouliza ni nini kinachotibu huzuni ya binadamu aliorodhesha tafakari ya ukweli, lakini pia usingizi na kuoga. Mwili uliopumzishwa ni rafiki wa roho.

Siti ya mbele na siti ya nyuma

Baba naye ana hoja yake: "Nimefanya kazi miaka ishirini, pesa ni yangu, kwa nini nisiwafurahishe wanangu?" Hili nalo lina ukweli ndani yake. Baba anayetumia jasho lake kuwaburudisha wanawe anafanya jambo jema. Lakini Kanisa linafundisha kwamba mali ya dunia, hata ninapoimiliki kihalali, Mungu aliikusudia kwa ajili ya wote. Umiliki wangu ni wa kweli, ila si wa mwisho. Kwa hiyo fadhila ya haki inauliza maswali ambayo kiasi peke yake hakiulizi: ubaridi huu unamfikia nani, na joto lake linakwenda kwa nani?

Swali la kwanza linaanzia ndani ya gari. Kwenye magari mengi ubaridi unatoka kwenye dashibodi, mbele. Aliyekaa mbele anasikia baridi mpaka anataka kuvaa sweta, huku nyuma kabisa, juu ya tairi, kuna mtu anajipepea na karatasi. Na mara nyingi nani anakaa nyuma kabisa? Dada wa kazi, akiwa na mtoto mapajani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Familia inaweza kutumia laki saba kutengeneza AC na ikawa bado haijawasaidia wale waliohitaji zaidi. Kama matundu ya hewa ya nyuma yameziba au feni ya nyuma imekufa, hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya fundi, kabla hata ya kujaza gesi.

Swali la pili linatupeleka nje ya gari. Nimesema kiyoyozi kinahamisha joto. Linahamia wapi? Kwa jirani. Ukiwa kwenye foleni pale Ubungo, vioo umefunga, ndani nyuzi 22, yule kijana wa bodaboda aliyesimama pembeni yako anapokea joto ulilolitoa kwako, likiwa limeongezwa na lile la injini. Hakuna aliyemuuliza. Simaanishi uzime AC kila ukiona bodaboda. Namaanisha kwamba starehe zetu nyingi zinafanya kazi kwa namna hii hii: ubaridi wangu una upande wa nyuma, na upande huo anakaa mtu.

Hiki ndicho alichokiona Papa Fransisko. Katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, namba 55, alitaja kuongezeka kwa viyoyozi kama mfano mmoja wa tabia zetu za matumizi zinazoidhuru dunia, huku soko likichochea tuvitake zaidi na zaidi. Hakusema bibi mgonjwa azimiwe AC. Alisema tuchunguze mazoea yetu. Na kwenye namba 211 ya waraka huo huo alimsifu mtu ambaye ana uwezo wa kulipia joto zaidi nyumbani lakini anavaa nguo nzito na kutumia nishati kidogo. Kwake ni baridi, kwetu ni joto, lakini somo ni moja: kuweza kulipia kitu si sababu tosha ya kukitumia.

Kuna na jambo la gesi yenyewe. Gesi ya R-134a iliyo kwenye AC za magari mengi, ikivuja hewani inaongeza joto la dunia zaidi ya mara elfu moja kuliko uzito ule ule wa hewa ukaa. Ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yalikutana hapa jirani, Kigali, yakakubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo hatua kwa hatua. Makubaliano yale yamebeba jina la mji wetu wa Afrika Mashariki. Sasa si unajua kawaida yetu gereji: AC haipozi, "jaza gesi", tunalipa, baada ya miezi mitatu imeisha, "jaza tena". Gesi haiishi kama petroli. Ikipungua haraka hivyo, inavuja. Kuijaza bila kuziba panapovuja ni kuimwaga angani kwa awamu. Kumwambia fundi atafute panapovuja kwanza ni tendo la haki kwa wakulima wa Same wanaosubiri mvua, hata kama hakuna atakayekushukuru.

Mmea wa Yona

Nimekuwa nikiisoma tena sura ya 4 ya kitabu cha Yona, na nadhani hakuna mahali katika Biblia panapozungumzia swali letu kwa ukaribu zaidi. Yona ameketi nje ya mji wa Ninawi, jua linachoma, amekasirika kwa sababu Mungu amewasamehe watu wale. Mungu anafanya nini? Anamwotesha mmea ili umpe kivuli na kumpunguzia taabu. Tuliangalie vizuri hilo. Ni Mungu mwenyewe anayempa nabii wake mkaidi kivuli. Mungu hakumwambia "vumilia, ni sadaka." Na Yona akaufurahia mmea ule sana.

Kesho yake mdudu anaula mmea, unanyauka. Upepo mkali wa joto unavuma, jua linampiga Yona kichwani hadi anazimia, naye anaomba kufa. Ndipo Mungu anamuuliza swali ambalo kitabu kinaishia nalo bila kutupa jibu la Yona: wewe unauhurumia mmea ambao hukuupanda wala kuukuza, je, mimi nisiuhurumie mji mkubwa wenye watu zaidi ya elfu mia moja na ishirini?

Kosa la Yona halikuwa kupenda kivuli. Kivuli kilikuwa zawadi. Kosa lake ni kwamba kivuli kilimfunga macho. Alihuzunikia mmea mmoja kuliko mji mzima. Akiwa kivulini alisahau Ninawi, na kivuli kilipoondoka aliona maisha hayana maana tena. Hapo ndipo starehe inapogeuka kuwa bwana: inapotupunguzia uwezo wa kuwaona wengine, na tunapoikosa tunavunjika.

Linganisha na Ibrahimu, katika Mwanzo sura ya 18. Naye alikuwa ameketi kwenye joto la mchana, lakini mlangoni pa hema lake. Alikuwa na kivuli, na mlango ulikuwa wazi. Akainua macho, akaona wageni watatu, akakimbia kuwalaki. Kivuli cha Ibrahimu kikawa kivuli cha wageni. Yona na Ibrahimu wote walikuwa na kivuli. Tofauti ni wapi macho yao yalikuwa yanatazama.

Basi tufanyeje?

Nilimjibu kijana yule hivi. Dhambi haiko kwenye kompresa. Kuweka AC kwenye gari la familia si dhambi, na kukataa AC si utakatifu. Kinachopimwa ni sababu, kipimo, na watu.

Kwa familia yake nilishauri hivi. Itengenezwe AC iliyokuja na gari, panapovuja pazibwe, na upande wa nyuma upewe kipaumbele. Ile ya paa waiache. Badala yake waweke feni ndogo mbili, mapazia ya kuzuia jua, na nyavu madirishani. Waondoke saa kumi na moja alfajiri ili sehemu kubwa ya njia waimalize kabla jua halijapanda. Waegeshe kivulini, wabebe maji ya kutosha, na godoro litumike gari likiwa limesimama tu. Likitembea, kila mtu kwenye siti na mkanda wake. Wasimwache mtoto wala bibi ndani ya gari lililofungwa juani hata kwa "dakika mbili tu", maana nje ikiwa nyuzi 30, ndani inaweza kupita 45 kabla ya saa moja kuisha.

Na ile pesa ambayo ingeenda kwenye paa? Hapo sikumpa jibu, maana si pesa yangu. Nilimwambia tu wakae wote, bibi na dada wakiwemo, na jina la yule mtoto wa kidato cha tano litajwe kwa sauti kabla ya kuamua. Maamuzi mengi mabaya tunayafanya kwa sababu mwenye shida hakutajwa kwa jina mezani.

Nikaongeza kanuni moja ndogo: swichi ya AC isishikwe na mwenye gari, ishikwe na aliye dhaifu kuliko wote safarini. Bibi akisikia joto, iwashwe. Bibi akisikia baridi, izimwe, tushushe vioo, tusikie na sauti za wauza machungwa barabarani. Familia inayosafiri kwa mwendo wa mdogo wake imeshaanza kuishi Injili kabla haijafika kanisani.

Labda wewe huna Hiace. Pengine kiyoyozi chako ni simu mpya, bando la mwezi, chumba cha peke yako hosteli, au viatu ambavyo tayari unavyo jozi tatu. Kipimo ni kile kile. Usiogope kivuli ambacho Mungu amekupa. Keti mlangoni tu, usikae ndani kabisa.

Maswali ya kutafakari wiki hii

Ni starehe gani moja ninayoitumia kila siku bila kujiuliza ni nani anayekaa upande wake wa nyuma?

Nyumbani kwetu, nani anakaa "siti ya nyuma", na lini mara ya mwisho nilimuuliza anajisikiaje?

Kuna sadaka ninayopenda kuwahimiza wengine waitoe, wakati mimi mwenyewe siitoi?

Tuombe

Ee Mungu, uliyemwotesha Yona kivuli na kumpa Ibrahimu wageni, tunakushukuru kwa kila kinachotupumzisha. Utupe busara ya kujua tunachohitaji, kiasi cha kuacha kinachozidi, nguvu ya kubeba joto letu wenyewe, na haki ya kutowabebesha wengine. Uwalinde wote walio safarini, hasa wazee, watoto na madereva. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.